Picha ya Moyo Usio Wake

Kadi ya bima ilikuwa moja, mioyo ilikuwa miwili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siku kaka yake, Fundi, alipoanguka kwenye karakana yake ya makochi, Dereva hakukaa kitako kupanga udanganyifu. Alimpakia kwenye teksi, akafika naye hospitali akiwa amejikunja na kulowa jasho, na yule dada wa mapokezi akauliza swali moja tu: "Kadi, au malipo ya awali?" Kaka hakuwa na kadi. Watu wanaopigilia misumari kwenye makochi ya wenzao hawana wa kuwakatia bima. Dereva alikuwa nayo, ya kampuni, kwa kuwa aliendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, kwenye ghala la saruji. Mkono wake uliitoa kadi kabla kichwa hakijaulizwa. Dada akaitazama picha, akamtazama mgonjwa, akaona masikio yale yale yaliyotokeza nje na kidevu kile kile, akagonga muhuri. Tangu hapo, ndani ya jengo lile, Fundi akawa Dereva, na Dereva akawa kaka wa Dereva.

Matibabu yenyewe yalikwenda vizuri. Daktari wa moyo, mama mmoja mfupi mwenye haraka, alipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, akauzibua mshipa uliokuwa umeziba, akaacha humo kijibomba cha wavu ili usizibe tena. Siku ya kuruhusiwa aliwaambia wote wawili, akiwa ameshika kitasa cha mlango tayari kuondoka: "Mrudi kwa ajili ya eko. Ni ultrasaundi ya moyo, haiumi. Mara chache sana, pale tulipopita panaweza kuvuja damu kidogo kidogo ikajikusanya kuuzunguka moyo, na mgonjwa mwenyewe asijue. Eko ndiyo inayotuonyesha. Bima yenu inalipia moja, kwa hiyo msiipoteze."

Fundi alirudi nyumbani akitamba kwamba sasa naye ana springi ndani, kama kochi. "Nikifa msinizike nayo," alimwambia shemeji yake. "Ichomoeni, mkamalizie kiti cha mtu."

"Shemeji, nyamaza ule uji," mke wa Dereva akamjibu, na wote wakacheka. Walikuwa wamemrudisha mtu wao akiwa hai. Kadi walikuwa wameshaisahau.

Shida ilianzia kazini. Dereva alikuwa amechukua likizo ili amuuguze kaka yake, na aliporudi ghalani alikuta habari zimemtangulia. Watu wa bima walikuwa wameiarifu kampuni kwamba mfanyakazi wake amezibuliwa mshipa wa moyo. Wenzake walimpokea kama mtu aliyetoka kaburini. Mmoja alimpokonya begi. Mwingine alimletea kiti, katika ghala ambalo hata msimamizi hukalia mifuko.

"Pole sana, ndugu yetu. Kumbe ndiyo maana ulikuwa unahema kwenye ngazi!"

Dereva, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuhema kwenye ngazi yoyote, alijishika kifua kidogo na kusema ahsante. Kiti akakikalia. Ukishakuwa mwongo inabidi uwe na adabu ya uongo wako.

Nesi wa kampuni alimwita kwenye kile chumba chake chenye mizani na kitanda kimoja. Alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ndio uliomtia Dereva matatani.

"Foklifti huigusi," alisema.

"Nesi, mimi mzima kabisa."

"Mzima mwenye chuma moyoni. Ukizimia na mzigo wa saruji uko juu hewani, halafu chini kuna watu, mimi nitawaambia nini wake zao? Hospitali wamekupangia eko, sivyo?"

"Wamenipangia."

"Niletee majibu. Yakiwa mazuri, unarudi kwenye mashine yako siku hiyo hiyo. Yakiwa mabaya, kampuni itakupa chako ukapumzike."

"Naweza kupima kwingine? Pale foleni ndefu."

"Hapana. Hospitali ile ile, jalada lile lile. Nataka daktari aliyekuzibua ndiye aseme umepona."

Akapewa ufagio. Vumbi la saruji halifagiliki. Unalisogeza kutoka hapa linakwenda pale, na pale unalikuta tena. Foklifti yake ilipita karibu naye ikiendeshwa na mtu mwingine, anayekata kona vibaya, na kila alipopita alimpungia Dereva mkono kwa huruma. Dereva alimpungia pia. Kama kuna kitu kilimkera siku zile, ni kule kuhurumiwa na mtu asiyejua kukata kona.

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya Fundi. Aliijenga chumba kimoja kimoja kwa mikono yake, na katika nyumba hiyo alimlea mdogo wake tangu wazazi wao walipofariki. Alimsomesha, akamtafutia kazi, akamwozesha. Mke wake mwenyewe alikwisha kufariki, na hakuoa tena. Alisema nyumba ina kelele za kutosha. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana, na baada ya chakula sebule nzima ilinuka gundi na sponji mpya.

Jioni ile Dereva aliwaeleza habari ya nesi. Watoto walikuwa wametumwa nje wakacheze.

"Kwa hiyo moyo wanaoutaka ni wako," Fundi akasema.

"Ndiyo."

"Na eko ni moja."

"Hata zingekuwa mbili, kaka. Majibu yote yanaingia jalada moja. Moyo wa mtu hauwezi kuwa na kovu wiki hii, wiki ijayo kovu halipo. Watagundua. Nitafukuzwa, na huenda nikashtakiwa."

Fundi alikuwa anachokonoa gundi iliyokauka kwenye kucha. Hakuchukua muda mrefu kufikiri, na baadaye Dereva alijiuliza mara nyingi kwa nini hakumwomba afikiri zaidi.

"Nenda wewe," Fundi akasema.

"Kaka, daktari alisema wewe ndiye—"

"Daktari alisema mara chache sana. Nilimsikia, nilikuwepo. Mimi nalala, nakula, nafanya kazi. Na ya kulipia kwingine hatuna pesa. Nikiumwa nitasema."

Huyu ni mtu ambaye aliwahi kujipigilia msumari kwenye paja, akamaliza kwanza kiti cha mteja ndipo akauchomoa. Dereva alilijua hilo. Alikataa, lakini alikataa kama mgeni anayeombwa aongeze chakula na bado ana njaa: "Hapana bwana, haiwezekani," huku sahani ameisogeza. Akamtazama mkewe.

Mkewe angeweza kusema neno. Alikuwa mwanamke mwenye neno kuhusu kila jambo, kuanzia bei ya sabuni mpaka namna jirani anavyoanika nguo. Lakini alikuwa na watoto wawili shuleni, na alikuwa ameshamwona mumewe akirudi na ufagio begani. Aliinuka, akakusanya sahani, akaenda nazo jikoni. Wote wawili waliuelewa ukimya wake, na uliwafaa.

Chumba cha eko kilikuwa na giza na baridi. Mpiga eko, dada mpole aliyevaa sweta juu ya koti la kazi, alimwambia avue shati na alale ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Akampaka jeli kifuani, baridi kama barafu, akakandamiza kile kifaa katikati ya mbavu. Kwenye skrini kikatokea kitu cha kijivu kinachofunguka na kujifunga, kinafunguka na kujifunga.

"Ndiyo huo?" Dereva aliuliza.

"Ndiyo huo. Usiongee."

Aliutazama. Hakuwahi kufikiri kwamba moyo unafanya kazi kubwa hivyo bila kusimamiwa. Mpiga eko alibonyeza, akapima, akabonyeza tena, akainama karibu na skrini. Dereva akaanza kutokwa jasho pamoja na baridi yote ile. Alidhani amekamatwa.

"Hee," yule dada akasema. "Hongera. Mtu hawezi kuamini kwamba moyo huu umewahi kuumwa. Kuta zote zinasukuma sawa sawa, milango inafunga vizuri, hakuna maji wala damu pembeni. Mliwahi sana hospitali."

"Kaka yangu ndiye aliyeniwahisha," Dereva akasema. Hakujua kwa nini alisema hivyo.

"Mshukuru sana."

Alijifuta jeli kwa karatasi, akatoka. Na ukweli lazima usemwe: alitoka kwa furaha. Alipita kwenye ile korido akiwa na moyo mzima ulioandikiwa kuwa mzima, akaona watu wa kwenye benchi na majalada yao mapajani, wamechoka, wanasubiri zamu, akawaonea huruma kama mtu asiyewahusu. Kabla hajafika getini alikuwa anapiga mluzi. Mluzi ule ndio alioujutia kuliko hata kitendo chenyewe.

"Umefaulu?" Fundi alimwuliza mlangoni.

"Tumefaulu!"

Fundi akamkumbatia. Alikohoa kidogo begani mwake, akajitoa. "Vumbi la sponji," akasema.

Dereva akarudi kwenye foklifti, ghala likampigia makofi, nesi akampa mkono. Na nyumbani Fundi akaacha kulala kitandani.

Alianza kwa kusema chumba kina joto. Akahamia karakana, akawa analala ameketi kwenye kochi la mteja, kichwa amekiegemeza kwenye mkono wa kochi. Alisema anapima ubora wa kazi yake. Kisha viatu vikagoma kumwingia. Kisha nyundo ikawa inasikika mara moja, kimya kirefu, halafu mara moja tena. Mke wa Dereva alimkuta siku moja amesimama katikati ya karakana, ameshika ubao, anatafuta hewa, na mishipa ya shingo imesimama.

"Shemeji, una nini?"

"Mteja... ana haraka," Fundi akamjibu, na kati ya neno na neno akapumzika.

Mke akamwambia mumewe. Dereva akamwambia kaka yake waende hospitali. Kaka yake akasema kesho. Waliipata kesho hiyo Jumamosi mchana, Fundi alipoinuka kumpokea mteja akakaa tena chini, sakafuni.

Idara ya dharura ilikuwa imejaa. Daktari wa zamu alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kalamu ameichomeka kwenye nywele akaisahau. Alilifungua jalada.

"Na wewe ni nani wake?"

"Ni... mimi ni kaka yake," Dereva akasema. "Huyu mdogo wangu."

Daktari akaitazama mvi ya mdogo mtu, akakitazama kichwa cheusi cha kaka mtu.

"Maradhi yanazeesha, daktari," Fundi akasema kwa taabu, na hata pale alijaribu kucheka.

Daktari alimpima presha, akasikiliza kifua haraka katikati ya kelele za chumba kile, akarudi kwenye jalada, uso ukamlegea. "Bwana, wewe una bahati. Una eko ya juzi juzi tu hapa, na ni safi. Moyo unasukuma vizuri, pembeni pakavu. Nisingekuwa na hii ningeogopa sana hizi dalili zako. Presha iko chini, nadhani ni hizi dawa, nitapunguza moja. Hii ya kubanwa kifua ni gesi na wasiwasi. Wengi wakishafanyiwa haya mambo wanakuwa na wasiwasi."

"Miguu imevimba, daktari," Dereva akasema.

"Naona. Anakaa sana, sivyo? Angekuwa hana eko ningempeleka sasa hivi. Lakini mashine ni moja, na nina watu wanane pale nje hawajapimwa hata mara moja. Mgonjwa wako majibu anayo."

Hapo ndipo palikuwa mahali penyewe. Dereva alifungua mdomo. Sentensi alikuwa nayo, fupi, imekaa ulimini: ile eko ni yangu. Akahisi mkono unamshika kwenye kifundo cha mkono. Mkono wa Fundi ulikuwa na nguvu za kuvuta kitambaa cha kochi mpaka kikaze kama ngoma, na nguvu zote zilizobaki mwilini alizileta pale.

"Twende nyumbani, kaka," Fundi akamwambia.

Alimwita kaka. Mbele ya daktari, kwa heshima zote, mtu aliyemfunga kamba za viatu siku yake ya kwanza shuleni. Na Dereva akafunga mdomo, akapokea vidonge vya tumbo, akasema ahsante daktari.

Ndani ya teksi Fundi aliegemea dirisha.

"Ungeniacha niseme," Dereva akamwambia.

"Useme, halafu?"

"Kaka, umesikia lakini? Kasoma picha yangu. Maneno yote yale kayasema juu ya moyo wangu."

"Nimesikia." Fundi akavuta pumzi, akaisubiri ifike. "Moyo wako mzuri. Nilikulisha vizuri."

Dereva angeweza kumwambia mwenye teksi ageuze. Barabara ilikuwa tupu, hospitali bado ilionekana nyuma yao. Aliiona kwenye kioo cha pembeni mpaka ikafichwa na majengo. Aliwaza kazi, akawaza polisi, akawaza ada za watoto, akajiambia huenda kweli ni gesi. Si kwamba hakujua. Alijua, na aliogopa, na alimwacha kaka yake alipe kwa ajili ya woga wake. Jambo hilo hata leo hakuna wa kumwondolea.

Asubuhi mke wa Dereva alipeleka chai karakana. Kikombe kilivunjika, na Dereva akatoka mbio akiwa na mswaki mdomoni. Fundi alikuwa ameketi kwenye kochi lile lile, midomo imekuwa ya kijivu, macho wazi, anataka kusema jambo na halitoki.

"Mwite mwenye teksi," mke akasema.

"Tunarudi kwa yule yule? Atasema tena—"

"Atasema tena nini?" Alimgeukia. Alikuwa analia, na hasira ilikuwa imechanganyika na machozi. "Mwambie ukweli. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi. Siku ile niliinuka nikaosha vyombo, nikajifanya sijasikia. Leo sioshi chombo."

"Kazi itakwenda."

"Iende! Ulikuwa na kaka kabla ya kuwa na kazi."

Bahati ya asubuhi ile, kama ni ya kuitwa bahati, ilikuwa kwamba daktari wa moyo alikuwa kwenye mzunguko wa wodi. Walimkuta kwenye korido na kundi la wanafunzi nyuma yake. Dereva alisimama mbele yake kabisa, mswaki bado ameushika mkononi.

"Daktari, ile eko si yake."

"Eko ipi? Wewe nani?"

"Iliyo kwenye jalada. Ni yangu mimi. Moyo ule ni wangu. Kadi ni yangu, jina ni langu. Huyu hapa kwenye machela ni kaka yangu, huyu ndiye uliyemzibua wewe. Niliingia kupimwa mimi ili nirudishwe kazini. Yeye hajapimwa."

Wanafunzi wakatazamana. Dereva alikuwa amejiandaa kwa makelele, kwa kuitiwa mlinzi. Daktari hakumpigia kelele. Aliuliza tu: "Hajapimwa kabisa tangu atoke mikononi mwangu?"

"Kabisa."

Yule mama mwenye haraka akakimbia. Mashine ililetwa kando ya kitanda, pazia halikufungwa vizuri, na kwa hiyo Dereva aliuona moyo wa kaka yake. Wa kwake mwenyewe ulikuwa umejaza skrini. Huu ulikuwa mdogo, umezungukwa na weusi pande zote, unayumba humo kama limau ndani ya ndoo ya maji, na kila ulipotaka kufunguka weusi ule uliubana.

"Damu," daktari akasema bila kugeuka. "Imevuja tone tone, imejaa, sasa moyo hauna nafasi ya kufunguka. Nipeni sindano ndefu. Upesi."

"Daktari," Dereva akasema, "siku ile... kama angelala yeye pale, badala yangu. Ingeonekana?"

Aliombea moyoni aambiwe hapana.

"Ingeonekana," daktari akasema. "Ingekuwa kidogo. Ningemlaza hapa, nikabadilisha dawa, nikaitoa kwa sindano huku tunapiga soga. Sasa toka nje, nifanye kazi."

Damu ilitoka, nyeusi, chupa nzima na zaidi, na rangi ikarudi usoni mwa Fundi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Waliruhusiwa kumwona kidogo kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji, kwa sababu daktari alisema tundu bado linavuja na lazima lizibwe.

Fundi alimtafuta mdogo wake kwa macho mpaka akampata.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, kaka."

"Mjinga wewe." Lakini alisema polepole, kama zamani alipomkuta ameanguka kwenye baiskeli. "Sasa kazi?"

"Nitatafuta nyingine. Nitakuja kukushikia misumari."

"Wewe? Hujui hata kushika nyundo." Akafumba macho, akayafumbua. "Shemeji, mpe maji huyu. Anatetemeka."

Machela ikasukumwa. Mke wa Dereva aliifuata hatua chache, ameshika pindo la shuka, mpaka mlango ukamtenganisha nalo.

Walikaa kwenye benchi. Watu waliingia na kutoka na maua, na vyakula kwenye vyombo, na watoto waliovalishwa vizuri kwa ajili ya kusalimia wagonjwa. Msimamizi wa ghala alipiga simu mara mbili, na Dereva akaiacha ilie. Mkewe aliushika mkono wake, akauachia, akaushika tena. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kila mmoja alikuwa na lake la kutosha.

Kisha mlango wa mwisho wa korido ukafunguka, na daktari akatoka. Alikuwa amevua kofia. Yule mama mwenye haraka alikuwa anakuja anatembea polepole, na Dereva akajua kabla hajafikiwa.

Alisema walijitahidi. Alisema moyo ulisimama wakaurudisha, ukasimama tena, wakaendelea kumwita na kuukanda kwa muda mrefu, ukakataa. Alisema pole. Mke wa Dereva akaketi sakafuni na kulia kwa sauti, na watu wenye maua wakapunguza mwendo. Dereva alibaki amesimama. Hakupata hata chozi.

Baadaye nesi wa wodi, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuja na jalada amelibana kwapani. Aliongea kwa sauti ya chini, bila ukali.

"Samahani sana, baba. Nimeelezwa kwamba jina hili si la marehemu. Inabidi tuandike la kwake."

Dereva akalitaja, la kwake na la baba yao na la babu yao. Ilibidi alirudie. Nesi aliliandika kwa makini, akauliza herufi, akasahihisha. Muda wote ule wa kulazwa, kuzibuliwa, kuruhusiwa, kurudishwa na kurudi tena, hakuna mtu katika jengo lile aliyewahi kulisikia.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

Nesi akaandika hilo pia. Alipokuwa anageuka kuondoka, Dereva akamshika mkono wa koti.

"Mama. Kule ndani, daktari kasema mlikuwa mnamwita. Aamke."

"Ndiyo, baba. Huwa tunawaita. Wakati mwingine mtu anasikia jina lake, anarudi."

"Mlimwita nani?"

Nesi alimtazama, kisha akalitazama jalada, lile jina la kadi lililokuwa bado limeandikwa juu yake kwa kalamu nene.

"Hili," akasema.